Mlenda wa kukausha, kuanzia shambani hadi chunguni, kwa namna ya Dodoma

Mlenda mwingi unaobaki sahanini haukuharibikia jikoni. Uliharibika wiki nyingi nyuma: ulichumwa ukiwa umekomaa, ukaanikwa chini kwenye jua kali hadi ukageuka rangi ya nyasi, kisha ukatwangwa pamoja na mchanga wake. Mpishi awe hodari vipi, mchanga uliokwisha kuwa unga hautoki. Ndiyo maana maelezo haya yanakaa zaidi shambani na kwenye kivuli cha kuanikia. Kupika kwenyewe hakufiki nusu saa.

Saa ya kuanza

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zinakwenda kwa kusuasua hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Baada ya hapo ni vumbi na upepo mpaka msimu mwingine. Mboga mbichi ya porini basi unaipata miezi minne hivi, na miezi iliyobaki unakula ulichokausha. Wazee wa Ugogo walikuwa na sababu nzito ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Katika njaa ya Mtunya, iliyoikumba nchi hii kati ya 1917 na 1920 baada ya majeshi ya vita kuu kubeba ng'ombe na nafaka, majani na mizizi ya porini ndiyo iliyowabakiza wengi hai.

Mlenda huchipua mvua za kwanza zikishika ardhi. Ule wa Januari ni laini mno, upike ungali mbichi. Wa kukausha usubiri hadi Februari, mvua zinapokatika kwa siku kadhaa mfululizo. Mwenye mahindi hukitazama kipindi hicho kwa hofu, ila mwenye mboga ya kuanika hapati kingine kizuri kama hicho: majani yapo, na hewa ni kavu. Ukichelewa hadi Aprili utakuta vitumba, yaani vifuko vya mbegu, na majani yamekuwa magumu.

Kama umehamia Dodoma na una kiwanja ambacho hujajenga, Nzuguni, Iyumbu au huko Ihumwa, kakitazame kabla hujamlipa mtu akufyekee. Uwezekano ni mkubwa kwamba yale unayoyaita magugu ndiyo mboga unayoinunua sokoni kwa kisado.

Kuujua

Mimea inayoitwa mlenda ni zaidi ya mmoja, na yote inaliwa, lakini haifanani.

Wa kwanza ni jamaa wa ufuta, ule wa porini. Husimama wima na kwenye mvua nzuri hufika kiunoni au zaidi. Majani yake ya juu ni membamba na marefu. Maua yana umbo la tarumbeta ndogo inayoinama, rangi ya waridi inayokaribia zambarau. Vitumba vyake husimama vikielekea juu, vikishikamana na shina, na ukimjua ufuta wa shambani hutapata shida kumtambua ndugu yake. Upo mwingine wa ukoo huohuo, mfupi zaidi, unaotanda chini, wenye majani mapana kidogo. Wataalamu wa mimea huuita Ceratotheca sesamoides. Ukikausha vizuri, huo nao hutoa ute mwingi.

Wa pili ni wa ukoo wa Corchorus, uleule ambao Wamisri hupikia molokhia. Maua yake ni madogo, ya njano. Majani yana meno pembeni kama msumeno, na alama yake ya uhakika iko pale jani linapoungana na kikonyo: meno mawili ya mwisho yamerefuka yakawa kama nywele mbili zinazoning'inia. Ukiziona nywele hizo, umeupata. Vitumba vyake ni vyembamba na virefu.

Ili kuhakikisha, chuma jani, lisugue kiganjani kwa matone machache ya maji, kisha tenganisha vidole. Mlenda huvutika. Usiseme lakini kwamba kila kinachovutika ni mboga. Mara ya kwanza nenda na mtu wa hapo kijijini anayeuchuma kila mwaka. Ukimkuta bibi shambani, shikamoo yako na kapu tupu vinatosha kuanzisha mazungumzo, na atakuonyesha kwa dakika tano kitu ambacho picha za simu hazikuonyeshi: mche ukiwa mdogo, kabla ya maua, wakati ambao ndio wa kuuchuma.

Mawili ya hatari uyajue. La kwanza ni mnanaha, unaopenda kuota palepale mlenda unapopenda, kwenye mazizi ya zamani na udongo uliochimbuliwa. Majani yake ni makubwa yenye ncha zilizochongoka, yananuka vibaya ukiyafikicha, maua ni meupe kama tarumbeta kubwa, na tunda lina miiba. Ni sumu, mmea mzima. Hata jani lake moja halitakiwi kapuni. La pili ni mbegu za ule mlenda wa maua ya njano. Majani ni chakula, mbegu zina sumu inayogusa moyo, na mifugo iliyozila imewahi kufa. Kwa hiyo vitumba vilivyokomaa visiingie kwenye mboga hata kama mikono imechoka kuchambua.

Kuchuma

Toka asubuhi, umande ukishakauka. Majani yenye umande huchemka kapuni yakaanza kuwa meusi kabla hujafika nyumbani. Vunja ncha changa kwa kidole gumba, urefu wa shibiri moja au chini ya hapo, ukiacha shina na majani ya chini. Baada ya wiki mbili hivi mvua ikiendelea shina litatoa matawi mapya na utarudi kuchuma palepale. Anayeng'oa mmea mzima amechuma mara moja tu.

Hapo ndipo mboga yetu ilipo na bahati kuliko chakula kingine cha porini kinachosifika kusini. Zambia, na kwa upande wetu Nyanda za Juu Kusini, watu hupika chikanda kutokana na viazi vya okidi za porini: vinakaushwa, vinatwangwa, vinachanganywa na unga wa karanga, magadi na pilipili, kisha vinachemshwa mpaka vinashikana na kukatwa vipande. Karanga na magadi, wenzi walewale wa mlenda. Tofauti ni kwamba kiazi ndicho uhai wa okidi, ukikichimba mmea umekwisha, na okidi huchukua miaka kukua. Uchimbaji wa viazi hivyo kwa ajili ya biashara ya kuvuka mpaka ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyofanya uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, uwe hifadhi ya taifa mwaka 2005. Okidi zote pia zimewekwa chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vya porini kati ya nchi na nchi. Mlenda ni mmea wa msimu mmoja. Hauhitaji mkataba wowote, unahitaji tu uachiwe baadhi ya miche izae mbegu. Mimi naona moja kati ya mitano ni haki.

Usichume kando ya barabara kuu, kwenye majalala, wala kwenye shamba la mahindi lililopuliziwa dawa ya viwavijeshi. Muulize mwenye shamba alipulizia lini, na kama hakumbuki, ondoka. Shamba la mtu ombea ruhusa hata kama yeye mwenyewe anayaita magugu.

Kuosha na kuanika

Hapa usiwe na haraka.

Chambua kwanza: ondoa vikonyo vigumu, maua, vitumba, na majani yaliyotobolewa na wadudu. Kisha osha majani yakiwa mazima, kwenye beseni kubwa, ukiyanyanyua kwa mikono kutoka kwenye maji badala ya kumwaga maji na majani pamoja. Mchanga hubaki chini. Rudia mpaka beseni lisibaki na chembe. Wengi huku hawaoshi kabla ya kuanika, wakisema mlenda ulioloa huoza. Huoza ukilundikwa, ndiyo. Ukiukung'uta na kuutandaza mwembamba hauozi, na huo ndio mlenda usiokwaruza meno.

Ukiisha kuosha, kata au usikate? Wanaokata majani kwa kisu kabla ya kuanika hupata mlenda unaokauka haraka, lakini ute unatoka kwenye mikato, unashika vumbi na kugandisha majani pamoja. Mimi huyaacha mazima. Mlenda wa majani membamba hauhitaji kisu kabisa.

Kuhusu jua. Kwenye tembe za zamani mboga ilitandazwa juu ya paa la udongo, kwa kuwa huko kuku na mbuzi hawafiki, na kweli ilikauka kwa siku moja. Tatizo ni kwamba jua la moja kwa moja hula rangi ya kijani, na pamoja na rangi hiyo huondoka sehemu kubwa ya kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Kivuli chenye upepo kinahifadhi zaidi. Dodoma upepo ni wa bure, kwa nini tusiutumie? Fanya hivi:

1. Tafuta kivuli kinachopitisha hewa pande mbili: baraza, chini ya mwembe, au chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana.
2. Tengeneza kichanja cha fito kwenye usawa wa kiuno. Juu yake tandika mkeka, chandarua cha zamani kilichofuliwa ambacho hakijatiwa dawa, au kitambaa chepesi. Usitandike karatasi ya nailoni, hutoa jasho upande wa chini.
3. Tandaza majani mwembamba kiasi kwamba unauona mkeka katikati yake.
4. Geuza asubuhi na jioni kwa mikono mikavu. Funika kwa kitambaa chepesi kama nzi ni wengi au upepo unabeba vumbi.
5. Usiku ingiza ndani. Umande wa usiku mmoja unaweza kurudisha nyuma kazi ya siku mbili.

Kwa hewa ya kawaida ya hapa utachukua siku mbili hadi nne. Umekauka pale jani linapovunjika kwa mlio na kikonyo kinakatika badala ya kupinda. Kikonyo kikipinda, rudisha kichanjani, maana unyevu huo mdogo ndio unaoleta ukungu Julai wakati umekwisha kusahau. Usishangae mavuno yanavyosinyaa: gunia lililojaa majani mabichi hubaki mfuko mdogo. Majani haya kwa sehemu kubwa ni maji.

Kutwanga na kutunza

Usitwange wote. Majani makavu yakiwa mazima hukaa na harufu yake kuliko unga, kwa hiyo hifadhi majani na utwange ya wiki mbili au tatu.

Kinu kiwe kikavu na kisiwe kilichotoka kutwanga pilipili. Twanga kwa mapigo mepesi, chekecha kwa chekeche la unga, rudisha makapi kinuni mara moja. Yanayobaki tena ni nyuzi, wape kuku. Unga mzuri ni wa kijani kilichokolea na unanukia kama majani ya chai mabichi. Mashine ya kusaga nafaka haifai. Hupasha joto, na huwezi jua kilichosagwa kabla yako.

Zamani chombo kilikuwa kibuyu chenye mfuniko au chungu kilichozibwa, kikiwekwa karibu na jiko ambako moshi hufukuza wadudu. Leo ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana inatosha, mradi isiwe angavu, kwa kuwa mwanga hupausha mlenda hata ndani ya nyumba. Iinue kutoka sakafuni. Kila mwezi fungua, ingiza mkono hadi chini: ukisikia joto au harufu ya uvundo, mwaga. Ukungu haupikiki ukaisha.

Kama unanunua

Kwenye soko la Majengo au Sabasaba mlenda mkavu upo mwaka mzima, mafungu kwa mafungu juu ya viroba. Omba kuonja kwa mkono. Chukua chembe kati ya kidole gumba na cha shahada, loweka kwa tone la maji, usugue. Ukivutika bila kukwaruza, mzuri. Ukikwaruza, ni mchanga, na maneno matamu ya muuzaji hayataulainisha. Rangi ya kahawia maana yake ni jua au uzee. Ukiwa bado na shaka, nunua fungu dogo, ulikoroge kwenye glasi ya maji nyumbani na usubiri kidogo. Mchanga utauona umetua chini. Mama atakayekuuzia mlenda safi mara mbili mfululizo, usimwache.

Kuupika

Kwa watu wanne: maji nusu lita na kidogo zaidi, vijiko vitatu vya chakula vya unga wa mlenda, karanga zilizotwangwa nusu kikombe, chumvi, na magadi kipande kisichozidi punje ya mahindi.

Anza na karanga, na uzichambue kabla ya kuzitwanga. Tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, bila huruma. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na jirani zetu Manyara, ikitokana na mahindi yaliyoingia fangasi, na karanga hushambuliwa na fangasi haohao. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo, wala kukaanga. Kinachokulinda ni macho yako kabla ya chungu kuinjikwa.

Magadi ni ugomvi wa kila jiko. Yanalainisha majani, yanavuta ute na kutunza kijani. Yakizidi yanaacha ladha ya sabuni na kuua baadhi ya vitamini, hasa C na B1. Kwa mlenda wa majani machanga uliokaushwa kivulini unaweza kuyaacha kabisa na hakuna atakayegundua. Mwenye shinikizo la damu ayaache, kwa sababu ni sodiamu kama ilivyo chumvi. Ukiyatumia, yayeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji, acha yatulie, mimina maji ya juu na utupe mashapo.

Chemsha maji chunguni pamoja na chumvi na maji ya magadi. Yakichemka, tia karanga ulizokoroga na maji baridi kidogo ili zisifanye madonge, punguza moto na uache zichemke dakika kumi na tano kama ni mbichi, au tano kama zilikwisha kukaangwa. Kisha nyunyiza unga wa mlenda kwa mkono mmoja huku mwingine ukipekecha kwa upekecho. Ukiumwaga wote kwa mara moja utapata mabonge yenye unga mkavu ndani. Usifunike, wala usiondoke: mlenda ukifunikwa huinuka na kuzima moto. Dakika tano hadi nane zinatosha. Ukiwa mzito mno ongeza maji ya moto, maana ya baridi huukata.

Nyanya na kitunguu ni mambo ya mjini, na sina ugomvi nayo kama ni nyanya moja. Ndimu na ukwaju usitie, uchachu hukata ute na utabaki na supu ya majani. Hotelini huchanganya bamia, majani ya maboga na nyanya chungu. Bamia zikizidi utakula bamia zenye jina la mlenda. Kijiko cha samli mwishoni, kwa wenye ng'ombe, hakikatazwi, na mafuta hayo, kama yale ya karanga, husaidia mwili kuichukua vitamini A iliyomo.

Mlenda mbichi unafuata njia hiyohiyo, ila majani yakatwe madogo sana, maji yawe machache zaidi, na magadi nusu yake.

Ugali uwe wa mtama au uwele, na uwe mgumu. Ugali laini wa sembe hauubebi mlenda, wote wawili wanateleza. Mega tonge dogo, libonyeze kwa kidole gumba lipate shimo, chota, kisha zungusha kifundo cha mkono ili uzi ukatike juu ya sahani na usikufuate hadi kifuani. Wageni hucheka mara ya kwanza. Waache wajaribu.

Uliobaki usiuweke hadi kesho yake kwenye joto la hapa. Pika wa kuisha.

Mbegu za msimu ujao

Aprili, vitumba vikianza kuwa kahawia lakini kabla havijapasuka, kata matawi machache ya miche uliyoiacha, yafunge kichwa chini ndani ya mfuko wa karatasi. Vitapasuka vyenyewe. Mlenda wa maua ya njano una mbegu zenye ganda gumu ambazo zinaweza kulala ardhini bila kuota. Zifunge kwenye kitambaa na uzizamishe kwenye maji yanayokaribia kuchemka kwa sekunde chache tu, uzitoe, uzianike kivulini. Zile za jamaa wa ufuta hazihitaji hayo. Mvua za Desemba zikishika, changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, zirushe kwenye ukingo wa shamba au kona ya kiwanja, pitisha reki juu juu. Zisizikwe chini sana, ni ndogo mno. Weka alama kwenye chombo cha mbegu za njano na uzitenge na vya jikoni, watoto wasizifikie.